Je, Wajua? Mpaka Ulio Juu ya Milima ya Karakoram

Barabara ya Karakoram, inayounganisha Pakistani na China, huvuka mpaka kwenye upenyo wa Khunjerab, yaani sehemu iliyoinama kati ya vilele, ambayo hata hivyo iko takriban mita 4,700 juu ya usawa wa bahari, kiasi kwamba kila pumzi humpa msafiri oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Hapo dereva hubadili upande, kwa kuwa nchini Pakistani, kama ilivyo Kenya na Tanzania, magari hupita kushoto, ilhali China hupita kulia. Kwa anayeingia China, saa nayo husogezwa mbele kwa saa tatu, maana China nzima, licha ya upana wake, hufuata rasmi majira ya Beijing. La kustaajabisha zaidi, na la kuhuzunisha pia, ni maporomoko ya ardhi ya Januari 2010 huko Attabad, upande wa Pakistani, yaliyoua watu, yakauziba mto Hunza na kuunda ziwa lililomeza vijiji pamoja na barabara yenyewe, hata abiria, shehena na magari yakawa yanavushwa kwa mashua mpaka mwaka 2015, yalipofunguliwa mahandaki yaliyochimbwa kupenya mlimani.