Mwangwi Chini ya Mashua
Anunuaye kifaa cha kutambulia samaki kwa mwangwi asivutwe na ukubwa wa kioo chake. Sauti husafiri majini kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, na ikikuta kibofu cha hewa ndani ya samaki hurudi kwa nguvu. Papa, pamoja na ukubwa wake wote, hana kibofu hicho. Mwangwi wake ni hafifu. Mwenye mashua ndogo avuaye katika kina kisichozidi mita 100 atatoshelezwa na mawimbi ya kilohezi 200, yaani mitetemo 200,000 kwa sekunde. Yale ya kilohezi 50 ni ya vilindini. Kitoa sauti kifungwe mbali na rafadha. Mapovu nayo ni hewa, na mvuvi asiyejihadhari atayatupia wavu mapovu ya mashine yake mwenyewe.