Moyo Unapokwenda Mbio Ghafla: Fahamu Shambulio la Hofu

Uko ndani ya feri ya Likoni asubuhi, watu wamebanana. Mara moyo waanza kwenda mbio, kifua kinabana, vidole vinaingia ganzi na jasho linakutoka. Unahisi unakufa. Baadaye hali inatulia. Unapimwa hospitalini, unaambiwa moyo wako ni mzima. Nyumbani, huyu anasema ni jini, yule anasema unajifanya.

Huenda hilo ni shambulio la hofu, na si kujifanya. Mwili humwaga homoni ya adrenalini kana kwamba kuna hatari, ilhali hakuna. Moyo hukimbia na pumzi huwa za haraka. Pumzi hizo hupunguza kaboni dayoksaidi katika damu, na hiyo ndiyo sababu ya kizunguzungu na ganzi. Kwa kawaida hofu hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hushuka yenyewe.

Likikupata, usipambane nalo. Jiambie: "Hii ni hofu, itapita." Vuta pumzi polepole kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe kwa mdomo ukihesabu hadi 6, na urudie kwa dakika kadhaa. Taja vitu 5 unavyoviona na 4 unavyoweza kuvigusa, ili akili irudi pale ulipo. Ukiweza, baki hapo hapo mpaka litulie. Ukikimbia kila mara, kesho utaogopa feri, kesho kutwa matatu, mwishowe hutoki nyumbani.

Aliye karibu nawe naye ana kazi. Asikukemee wala kuita umati. Akae nawe, azungumze kwa upole na apumue taratibu pamoja nawe.

Kuzuia huanzia kwenye mazoea. Miraa, muguka, sigara, kahawa nyingi na vinywaji vya kuongeza nguvu huchochea moyo, kwa hiyo ni vyema kuvipunguza au kuviacha. Lala vya kutosha, usikae na njaa muda mrefu, na tembea au fanya mazoezi mara kwa mara.

Hata hivyo, usijipime mwenyewe. Maumivu ya kifua yakikujia kwa mara ya kwanza, au yakienea mkononi au kwenye taya, nenda hospitali mara moja. Matatizo ya moyo, tezi ya shingo na upungufu wa damu yanaweza kufanana na hofu.

Mashambulio yakijirudia, yana tiba. Mtaalamu wa ushauri nasaha hukufundisha kuzikabili fikra na sehemu unazoziogopa hatua kwa hatua, na daktari anaweza kukuandikia dawa. Hapa Mombasa, hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili. Ukitaka dua, omba, lakini usiache kumwona daktari. Mficha maradhi, kilio humfichua.