Shilingi Moja Ikifa, Nani Atarithi Chenji?

Jumamosi moja nilikuwa nimeketi kwa dada yangu katika mtaa wa Maringo, Nairobi, nikimsaidia mwanawe wa miaka minane kufanya hesabu za shule. Mamake alitukatiza kwa muda, akamtuma mtoto kununua chumvi na majani chai katika duka moja kubwa lililo karibu. Aliporudi, aliviweka vitu mezani, kisha akafumbua kiganja. Mlikuwa na peremende tatu.

"Chenji iko wapi?" mamake aliuliza.

"Ndiyo hii, mama. Wamesema hawana shilingi."

Dada yangu hakushangaa. Mimi pia sikushangaa, maana desturi hii tumeizoea. Aliyeshangaa ni mtoto. Alinigeukia akaniuliza, "Mjomba, kesho nikiwapelekea peremende tatu, watanipa kitu cha shilingi tatu?"

Nilimwambia ajaribu. Jioni ya siku ya pili dada yangu alinipigia simu akicheka. Mtoto alikuwa amejaribu kweli, na watu wa duka wakamwambia kwamba peremende si pesa.

Ndugu msomaji, jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Peremende ni pesa inapotoka kwa mwenye duka kwenda kwa mnunuzi, lakini si pesa inapotaka kurudi. Kwa hiyo tunapouliza iwapo Kenya iache kufua sarafu ya shilingi moja, suala kuu halihusu kipande kile cha chuma peke yake. Tunauliza pia ni nani atakayechukua kile kilichokuwa kikirudishwa na sarafu hiyo.

Kabla ya kujibu, yafaa tukumbuke kwamba sarafu ndogo zimekwisha kufa nchini humu mara nyingi. Benki Kuu ya Kenya ilipoanzishwa mwaka 1966, ilirithi mfumo wa shilingi na senti ulioachwa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Sarafu za kwanza za Kenya zilikuwa za senti 5, 10, 25 na 50, pamoja na shilingi moja na shilingi mbili. Sisi tuliolelewa katika mitaa ya Eastlands miaka ya themanini tuliwahi kuzishika ndururu za senti tano, na thumuni ilikuwa mali mkononi mwa mtoto. Kisha ukaja mfumuko wa bei wa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mwaka 1993 pekee, bei zilipanda kwa karibu asilimia 46. Hapana mtu aliyeiua ndururu kwa amri kubwa. Ilikosa tu kitu cha kununua.

Tarehe 11 Desemba 2018, Benki Kuu ilizindua sarafu mpya ili kutimiza Kifungu cha 231 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachokataza picha ya mtu yeyote kuwekwa kwenye noti na sarafu. Twiga akapewa shilingi moja, kifaru shilingi tano, simba shilingi kumi na ndovu shilingi ishirini. Thumuni haikupewa mnyama. Iliachwa nje ya orodha, na wengi wetu hatukutambua.

Hata hivyo, jina lake lingali hai. Mimi ni mwalimu wa isimu, na kazi yangu hunifundisha kwamba maneno huishi kuliko vitu. Thumuni ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya sehemu moja ya nane, nalo limeikumbuka riale muda mrefu baada ya riale yenyewe kutoweka sokoni. Pesa ni neno lililotujia kutoka Bara Hindi. Hela limetokana na sarafu ya Wajerumani iliyotumika Tanganyika kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Vijana wa Eastlands nao wana kobole kwa shilingi tano, ashu kwa kumi, mbao kwa ishirini, finje kwa hamsini, soo kwa mia na thao kwa elfu. Shilingi moja haina jina changa kama hayo. Inaitwa bob, neno kuukuu la mitaani Uingereza, na aghalabu nalisikia likitumika kukana: "Sina hata bob." Lugha ya vijana imekwisha kutuonyesha wapi hesabu zao zinaanzia. Zinaanzia tano.

Wako wanaohofia kwamba sarafu ya shilingi ikiondoka, shilingi yenyewe itavunjiwa heshima. Hofu hiyo naielewa, lakini siikubali. Wazee wetu walimu watakumbuka kwamba kwa miaka mingi bajeti ya Kenya ilisomwa kwa pauni, pauni moja ikiwa ni shilingi ishirini. Hata hivyo, noti ya pauni ya Kenya haikuwahi kuwako. Kipimo kinaweza kuishi katika hesabu bila kuwa na mwili mkononi. Simu zetu nazo zinathibitisha jambo hilo. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, Mkenya amezoea kuhesabu shilingi moja moja kwenye kioo cha simu, na hapo hazidondoki wala hazihitaji mfuko.

Wanaotaka sarafu hii isitishwe wana hoja nzito. Sarafu hugharimu chuma, kuchongwa, kusafirishwa na kuhesabiwa. Gharama hiyo huwa halali ikiwa sarafu itapita mikononi mwa watu maelfu kwa miaka mingi. Lakini shilingi yetu hutoka benki, ikafika dukani, ikaingia mfukoni, kisha ikazikwa ndani ya chupa juu ya kabati. Marekani iliona hesabu yake ikikataa kabisa: katika mwaka wa fedha wa 2024, kutengeneza sarafu ya senti moja kuliwagharimu takriban senti tatu na nusu na zaidi, na mnamo Novemba 2025 wakafua ya mwisho ya kuzungushwa sokoni. Kanada walikuwa wamewatangulia mwaka 2012. Afrika Kusini waliacha kufua senti moja na senti mbili mwaka 2002, kisha senti tano mwaka 2012.

Basi, je, nasi tufuate? Kabla ya kujibu, twende kwanza kwenye kibanda.

Katika mtaa wa Kaloleni yuko mwenye kibanda ambaye tumejuana tangu nikiwa mwanafunzi. Nilimwuliza ni lini alipokea shilingi moja. Alicheka akaniambia, "Mwalimu, hapa kwangu shilingi ilihama zamani." Nilizitazama bei zake. Mandazi, kitunguu, mafuta ya kupikia ya kupima, sukari ya kufungwa kwenye karatasi: kila bei iliishia kwa tano au sifuri. Huu ndio uchumi wa kadogo, ambamo maskini hununua anachohitaji leo kwa pesa alizopata leo. Mwenye kibanda akitaka kupandisha bei, haongezi shilingi moja. Hupunguza kipimo, au huongeza tano. Kwa hiyo asidanganywe mtu kwamba sarafu ya shilingi moja ndiyo inayomlinda mnunuzi wa kibandani. Huko imekwisha kufa na kuzikwa.

Mahali inapoishi ni kwenye karatasi za bei za maduka makubwa, ambako kitu cha shilingi mia huandikwa tisini na tisa. Inaishi pia katika vituo vya mafuta. Kila mwezi Mamlaka ya Kudhibiti Sekta ya Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei za petroli, dizeli na mafuta ya taa zikiwa na shilingi na senti zake. Naomba msomaji alitafakari jambo hili. Chombo cha serikali kinatoza senti, ilhali sarafu mpya za serikali hiyo hiyo hazina senti hata moja. Mwenye gari anayejaza tangi na kulipa kwa kadi hulipa senti zile sawasawa. Lakini mama wa Dandora anayenunua robo lita ya mafuta ya taa kwa pesa taslimu hulipa ile namba inayofuata juu. Hajaibiwa na mtu yeyote, lakini pesa zake zimekwenda.

Hesabu yake si ngumu, na mwalimu anaweza kuiandika ubaoni kesho asubuhi. Familia inayonunua mara tano kwa siku, na kila mara ikakosa chenji ya shilingi moja tu, hupoteza shilingi 5 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 150. Kwa mwaka ni shilingi 1,825. Anayenunua mahitaji yake yote mara moja kwa mwezi hupoteza shilingi 12 kwa mwaka mzima. Sarafu ni ile ile na duka ni lile lile, lakini maskini hukatwa zaidi ya mara mia na hamsini kuliko tajiri, kwa sababu tu hana uwezo wa kununua vingi kwa mpigo. Bandu bandu huisha gogo.

Kanada walipoondoa senti yao, walitangaza kanuni mapema. Wanaolipa kwa pesa taslimu husogezewa jumla hadi tano iliyo karibu, juu au chini. Wanaolipa kwa kadi hulipa kamili. Kanuni hiyo ni nzuri kwa mtu anayenunua vitu ishirini, kwa kuwa mwisho wa jumla yake huweza kuangukia tarakimu yoyote. Lakini ukiichukua ilivyo na kuileta Maringo, itageuka mtego. Mtoto aliyetumwa chumvi hununua kitu kimoja. Bei ikiishia kwa tisa, tano iliyo karibu huwa juu leo, kesho na kesho kutwa. Kanuni inayoonekana haina upendeleo itakuwa imemhukumu kabla hajafika dukani.

Kwa sababu hiyo napendekeza kanuni yetu iwe rahisi zaidi: kwa malipo ya pesa taslimu, jumla ishushwe daima hadi tano iliyo chini. Najua mwenye duka atalalamika kwamba anaonewa. Hapana. Ni yeye aliyeandika bei, mnunuzi hakuulizwa. Asiyetaka kupoteza shilingi nne kwenye bei ya tisini na tisa ana dawa mkononi mwake: aandike tisini na tano, au aandike mia moja waziwazi ili tujue tunalipa mia moja. Mwenye kibanda wa Kaloleni hatapoteza chochote, maana bei zake zimekwisha kunyooka. Nayo EPRA itangaze bei zisizokuwa na senti, kwani serikali haipaswi kudai kile ambacho haikitengenezi.

Kanuni hiyo itangulie, ndipo sarafu ifuate. Iandikwe kwa Kiswahili, ambacho ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba, na ibandikwe mahali pa kulipia, ili mtoto wa darasa la tatu aweze kuisoma na kuidai. Ikipatikana hiyo, mimi sitaililia sarafu yenye twiga. Isipopatikana, basi na iendelee kufuliwa, hata kwa hasara. Hasara ya serikali hugawanywa na nchi nzima, lakini hasara ya chenji humwangukia yule aliyesimama kwenye foleni akiwa na noti moja tu.

Walimu wenzangu, msingoje Bunge. Wapeni wanafunzi wenu kazi ya wiki moja: kila mmoja aandike daftarini chenji aliyostahili, chenji aliyopewa, na peremende alizorudi nazo. Mwishoni mwa wiki wajumlishe darasa zima. Watakuwa wamejifunza hesabu, na watakuwa wamejifunza uraia.

Mwana wa dada yangu amekwisha kuanza. Zile peremende tatu hakuzila. Ameziweka ndani ya mkebe, na anasema atazila siku duka lile litakapozikubali.