Toa Hilo Keria, Chalii Yangu

Oya chalii yangu, tuanze na aibu kwanza. Chuma yako ina saiti mira sita. Unamwangalia nani huko nyuma? Bampa la nondo mbele, keria la bomba nyuma, spika mbili chini ya siti, taa za bluu mpaka kwenye spoku, stika ya Simba kwenye tenki na ya Yanga kwenye madigadi, yaani hata msimamo huna. Boda aliye kazini namwelewa. Ile ni ofisi yake, ajaze anachotaka, mteja apande na gunia lake la viazi. Ila wewe unayewasha saa kumi na moja jioni kwenda kuuza sura Njiro, hayo mazagazaga unampelekea nani?

Sokon One, hapa Chuga (Arusha), tumeshahama huko. Kitaa sasa hivi anayepewa heshima ni anayetoa. Mtu anachukua Boxer ya mshua iliyochoka, au Mchina aliyelala uani mpaka kuku wametaga kwenye siti, anaiingiza kwenye banda la nyuma, anawasha grinda. Wiki zinapita, majirani wanalalamika, halafu siku hiyo geti linafunguka kinatoka kitu chembamba, kimekaa kiuhuni, siti fupi, taa moja ya duara, ekzosi imekatwa kwa adabu. Unakikodolea. Kinapita. Umeachwa na vumbi.

Sasa sikia hesabu, maana wengi mnadhani hii ni mbwembwe tu. Boxer 150 ina nguvu za farasi 12 hivi, na uzito wake ni kama kilo 120. Wewe weka 65, usibishane. Jumla 185. Toa keria, toa bampa, toa stendi ya kati, toa kava la cheni, ile siti ndefu ya watu watatu weka fupi, lile bomba zito weka jepesi. Ukifikisha kilo 15 umebaki na 170. Pigia kwenye simu yako hapo: ni sawa kabisa na mtu aliyekuongezea farasi wa 13 kwenye injini ambayo hujaigusa hata nati. Bure, mwanangu! Wakati kuna mshamba mtaa wa pili kamwaga malaki kwenye bloku kubwa na pistoni ya kuagiza, na bampa la nondo bado liko palepale. Kapigwa na kitu kizito.

Ndiyo maana banda lolote linalojielewa lina mizani. Ile ya kuning'iniza, ya wauza mkaa. Kila kinachotoka kinaning'inizwa, kinaandikwa ukutani kwa chaki. Keria, kilo kadhaa. Honi ya lori uliyofunga kwa sifa, andika. Hata petroli iandike: lita moja ni robo tatu ya kilo hivi, kwa hiyo tenki la lita 11 likijaa ni kilo nane unazozungusha mjini bila sababu. Weka lita nne za misele ya jioni, umeokoa kilo tano na spana hujashika.

Mshua anapita, anaangalia ukuta, anaangalia mizani, anauliza swali lake lile lile: "Sasa hii itabeba wangapi?"

Mmoja, mzee. Mmoja tu. Anaondoka anatikisa kichwa.

Wazee wa Chuga wananichekesha kwa hili. Wakiona dogo anakata fremu ya pikipiki ni uharibifu, mtoto kapotea, mwiteni mchungaji. Lakini mji mzima unakula kwa kukata magari! Nenda maeneo ya viwanda upande wa Njiro, waangalie Hanspaul: wanachukua Land Cruiser nzima, wanaikata, wanairefusha, wanaweka paa la kunyanyuka, Mzungu anasimama ndani anapiga picha simba wa Serengeti. Hapo wazee wanaita utalii. Bernard Kiwia alikuwa fundi baiskeli wa mji huu huu. Akatengeneza chaja ya simu inayopata moto ukipiga pedeli, na baadaye akawa mmoja wa waliosimamisha karakana ya ubunifu ya Twende. Hapo wanaita ubunifu. Sisi damu ni hiyo hiyo, tofauti yetu ni kwamba tunafanyia uani na muziki uko juu.

Na wala mchezo huu haujaanza leo. London kuna mgahawa unaitwa Ace Cafe, ulifunguliwa 1938, madereva wa malori walikuwa wanajaa pale. Miaka ya 1950 na 1960 machalii wa kule walikuwa wanavua pikipiki zao kila kitu kisicho na kazi, wanashusha stelingi chini, wanalala juu ya tenki wakiwinda maili 100 kwa saa. Hizo ni kilomita 160. Wazee wao waliwaita wahuni, magazeti yakawaita wahuni, na leo staili yao inauzwa dukani kwa bei ya kiwanja. Kafe resa ndiyo hiyo. Wazee wote duniani wamenunua kaseti moja.

Ila nikwambie ukweli wangu: kafe resa kwa Sokon One ni mateso ya kujitakia. Stelingi ya chini ukipita nayo kwenye makorongo yetu, viganja vinakufa ganzi kabla hujafika lami. Pisi imesimama kituoni, wewe umeinama unatafuta shimo liko wapi. Chuga ni mji wa skrambla. Stelingi pana, tairi za vifundo, madigadi ya mbele yamenyanyuliwa juu, ekzosi imepandishwa pembeni. Masika ikipiga na ule udongo mweusi ukaanza kunata, mwenye madigadi ya chini anasimama kila kona kukwangua tope kwa kijiti. Mwenye skrambla anakupungia mkono.

Sasa twende kwenye somo ambalo chalii wa Dar hata umchoree hatakuelewa. Hewa. Sisi tumekaa mita 1,400 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 15. Injini inachanganya hewa na petroli kwa kipimo. Hewa ikipungua na kabureta ikabaki ilivyotoka kiwandani, petroli inazidi: moshi mweusi, chuma inakohoa, mafuta yanaisha kijinga, unamlaumu muuza sheli. Fungua plagi uisome, hiyo ndiyo barua ya injini kwako. Nyeusi ya masizi makavu, petroli imezidi. Kahawia mpauko, uko freshi. Nyeupe, simama hapo hapo, maana petroli ni kidogo, joto limepanda, na pistoni inaweza kutoboka. Dawa ya ile nyeusi ni kile kitundu kikuu cha petroli ndani ya kabureta: unakitoa, unaweka cha namba ndogo kidogo, unazunguka, unasoma plagi tena. Kazi ya nusu saa. Na siku ukishuka na chuma yako Dar, rudisha cha zamani kabla ya safari, kule hewa imeshiba na wewe utakuwa umeibania petroli.

Umeshawahi kuona fundi wa duka la stika akikwambia hayo?

Halafu kuna mtindo umeingia kitaa ambao naupinga hadharani. Kutoa klina ya hewa ili injini ingurume. Chalii, unaishi chini ya volkano! Meru imelipuka mara ya mwisho 1910, mlipuko mdogo tu, lakini majivu yake ya zamani ndiyo vumbi unalopumua kila kiangazi. Vumbi hilo ni msasa. Ukiliruhusu liingie moja kwa moja, linakwangua silinda na ringi, na baada ya muda mfupi chuma inakunywa oili kuliko petroli. Ngurumo unazotaka utazipata kwenye ekzosi, na hata hapo tumia akili, kuna watoto wachanga mtaani na kuna trafiki ana masikio. Klina iache. Ukiona ile ya kiwandani ni kubwa na inaharibu umbo, tafuta ndogo ya sponji, ipake oili yake, ifue kila vumbi likizidi. Gramu hizo mizani imesamehe.

Fremu sasa. Hapa ndipo wajuaji wanapojulikana. Unataka kukata mkia, sawa, kata pale nyuma panapobeba siti tu, weka kitanzi cha bomba jembamba, imeisha. Shingo ya fremu, pale stelingi inapopita, usiiguse. Usiichome, usiitoboe, usiifikirie. Na tafadhali usimpelekee fundi wa mageti. Namheshimu, geti lake halidondoki, lakini amezoea chuma nene na moto mkubwa. Bomba la fremu ni jembamba, akilipiga vile anavyopiga geti linatoboka, analijaza madonge, linapoa likiwa limekakamaa, na siku ukiruka tuta linakatika pembeni ya donge lake. Tafuta anayechomelea kwa moto mdogo, hatua fupi fupi, anayeacha chuma ipumzike. Kabla hajawasha mashine chomoa betri, na chomoa na kile kiboksi cha CDI kinachotuma moto kwenye koili. Umeme wa kuchomelea ukikipitia, umekizika.

Kama bado unachagua wa kuanzia, mchukue yule Mchina aliyelala na kuku. Nasema kwa heshima. SanLG, Fekon, T-Better, wengi wao damu yao ni Honda CG125 ya miaka ya 1970. Wajapani waliangalia namna watu wa nchi kama zetu wanavyotumia pikipiki, mzigo juu ya mzigo, oili haibadilishwi mpaka iwe lami, wakaunda injini ya kuvumilia ukatili huo: badala ya cheni ya ndani ya kuzungusha vali wakaweka vijiti vya kusukuma, vitu vichache, rahisi kufungua. Wachina wakainakili kila kona. Matokeo yake spea zinaingiliana kinoma. Bloku ya huyu, klachi ya yule, kabureta ya mwingine, unaunganisha uani. Boxer ni tamu zaidi kuendesha, sibishi, ila mpya inakula mamilioni, na kumkatia grinda mtoto wa mamilioni kunahitaji moyo.

Kitu kingine cha bei ndogo ni sproketi ya mbele. Ina meno 14? Weka 13. Umeongeza mvuto karibu asilimia 8. Kupandisha Ilboru unapanda unaimba, wenzako wanashusha gia. Kwenye lami tambarare utapoteza spidi kidogo ya mwisho, lakini wewe unaenda wapi na spidi hiyo kati ya Unga Limited na Kijenge, na foleni ile?

Mkwanja unapoliwa ni kwenye tairi na rimu. Tairi za vifundo za kuaminika zinauma, na inauma zaidi ukikumbuka mji huu ulikuwa unapika tairi zake wenyewe pale General Tyre, mpaka mashine zikazimwa mwishoni mwa miaka ya 2000. Hapo lipa, usiombe punguzo la kijinga, tairi ndiyo kitu pekee kinachogusa ardhi. Ila rimu za rangi ya dhahabu? Mwanangu, kodi ya geto inaenda pale, na tope la masika linazifanya kahawia siku ya kwanza.

Na kuna vitu haviruhusiwi kupanda mizani. Breki ya mbele, kuna wahuni wanaitoa wakisema inaharibu mwonekano, hao hatuwajui. Saiti mira mbili, za pande zote. Indiketa, hata zile ndogo za kucha. Namba isomeke, usiifiche chini ya siti kwa pembe ya kishetani. Ukibadilisha rangi au injini, kadi ya TRA lazima ifuate, maana trafiki akisoma nyekundu na mbele yake kuna kijani, jioni yako imeisha na pikipiki inalala kituoni na zile zilizoota kutu. Helmeti nzima, ya kufunga kidevu. Umepunguza kilo 15, chuma ina haraka kuliko jana, kichwa chako ni kile kile.

Mshua karudi tena juzi, safari hii na wenzake wawili, mjumbe akiwemo. Mmoja kashika tenki, mmoja kapiga tairi teke, wote kwa pamoja: "Itabeba wangapi?" Mjumbe akaongeza na gunia je, litakaa wapi? Bi mkubwa ndiye alininyoosha kwa swali la maana, akauliza breki zinashika? Nikamwekea chuma kwenye mteremko wa nyumba, nikaachia, nikabana kwa vidole viwili. Ikasimama. Akasema haya, kisha akataka banda lake la kuni lirudi ifikapo Krismasi.

Sasa hivi kwenye kreti kuna CG ya zamani, fremu imeshakatwa mkia na imepigwa rangi ya msingi, injini iko kwenye beseni inaogeshwa dizeli. Spoku tunasubiri basi la Nairobi. Mkia wake tumeuacha wazi kwanza, kuna ugomvi mkali bandani: nusu wanataka siti ya ngozi iliyoshonwa na mafundi wa viatu, nusu wanataka sponji na turubai basi. Mimi niko upande wa turubai, nimeshapima, ngozi inazidi gramu 400. Jumamosi mchana tunapiga kura. Njoo na soda, na lile keria lako njoo nalo, tunalihitaji bomba lake.