Je, Wajua? Chapati, Dhahabu na Mbaazi Mbele ya Watoza Kodi wa India

Je, wajua kwamba mwaka 2020 mamlaka ya kodi ya jimbo la Karnataka, kusini mwa India, ilitoa uamuzi wa kisheria kuhusu tofauti kati ya chapati na parota, mkate bapa wenye matabaka? Kampuni moja ya vyakula vya pakiti ilitaka parota zake zihesabiwe pamoja na chapati, ambazo wakati huo zilitozwa asilimia 5 ya kodi ya bidhaa na huduma, maarufu kwa kifupi chake, GST. Mamlaka ikakataa. Chapati, ikasema, huwa tayari kuliwa, lakini parota ya pakiti sharti ipashwe moto kwanza. Kwa sababu hiyo ikawekwa kwenye asilimia 18. Wenyeji wa jimbo jirani la Kerala, ambao parota ni fahari yao, walilipokea jambo hilo kwa hasira, na mitandaoni kukawa na kelele kwa siku kadhaa.

Bisi nazo hazikusalimika. Desemba 2024 Baraza la GST lilikutana Jaisalmer, mji wa jangwani huko Rajasthan, na kufafanua kwamba bisi za chumvi zinazouzwa bila pakiti zinalipa asilimia 5, zile zilizofungwa na kuwekewa chapa asilimia 12, na zilizopakwa sukari ya karameli asilimia 18. Hoja ilikuwa kwamba ukitia sukari, bisi inatoka kwenye kundi la vitafunio na kuingia kwenye kundi la peremende.

Msomaji anaweza kucheka, lakini mwenye duka dogo hakucheka. Kampuni kubwa ina wakili wa kwenda kubishana kuhusu parota. Mwenye duka la mtaani hana, na akikosea kundi anatozwa faini. Ndiyo maana mageuzi yaliyoanza tarehe 22 Septemba 2025, siku ya kwanza ya sikukuu ya Navratri, nayaona kuwa ya haki zaidi kuliko yote tangu kodi hiyo ianze. Viwango vinne vya awali, yaani 5, 12, 18 na 28, vilipunguzwa vikabaki viwili vikuu, 5 na 18, pamoja na kiwango cha 40 kwa anasa na vitu vyenye madhara. Sabuni, shampuu na dawa ya meno zilishuka kutoka 18 hadi 5. Bima ya maisha na ya afya kwa mtu binafsi, iliyokuwa ikitozwa 18, ikaondolewa kodi kabisa. Na chapati na parota? Zote sasa ni sifuri, kwa jina lolote zitakaloitwa.

Taulo za kike zilitangulia. Kodi ilipoanza mwaka 2017 zilitozwa asilimia 12. Wanawake wakapaza sauti, wakaenda hadi mahakamani, na Julai 2018 kodi hiyo ikafutwa.

Nani hupanga viwango hivi?

GST ilizaliwa usiku wa manane kati ya Juni 30 na Julai 1, 2017, katika Ukumbi Mkuu wa Bunge mjini New Delhi, ukumbi ule ule ambamo uhuru ulipokelewa usiku wa manane mwaka 1947. Ilifuta utitiri wa kodi za majimbo na manispaa. Kabla yake lori lililotoka jimbo moja kwenda jingine lilisimama kwenye vizuizi vya mipakani kukaguliwa na kulipishwa, na mji kama Mumbai ulikuwa na ushuru wake wa kuingiza mzigo. Baada ya Julai 2017 vizuizi hivyo viliondolewa katika majimbo mengi ndani ya siku chache. Tangu Aprili 2018 dereva hubeba hati ya kielektroniki ya safari kwa mzigo unaozidi thamani ya rupia 50,000, nayo ina muda wa kuisha kulingana na umbali: siku moja kwa kila kilomita 200.

Baraza linalopanga viwango limewekwa na katiba, na hesabu ya kura zake imefikiriwa sana. Serikali kuu ina theluthi moja ya uzito wa kura, majimbo yote kwa pamoja theluthi mbili, na uamuzi unahitaji robo tatu. Maana yake ni kwamba serikali kuu haiwezi kuamua peke yake, wala majimbo hayawezi kuipita. Kwa zaidi ya miaka mitatu wajumbe waliafikiana kila kitu kwa mazungumzo. Kura ya kwanza kabisa ilipigwa Desemba 2019, kuhusu bahati nasibu.

Petroli na dizeli bado ziko nje ya kodi hiyo, na pombe ya kunywa pia. Majimbo yanazitegemea mno kwa mapato na hayajakubali kuziachia.

Halua kabla ya bajeti

Kila mwaka, siku chache kabla ya bajeti, waziri wa fedha wa India huenda kuwagawia halua wafanyakazi wa wizara, kutoka kwenye karai kubwa. Ikishaliwa, maofisa na wachapaji wanaoandaa bajeti hufungiwa ndani ya jengo la wizara, hawatoki wala hawawasiliani na familia zao hadi hotuba isomwe. Usiri huu ulizidi kukazwa baada ya sehemu ya bajeti ya mwaka 1950 kuvuja.

Kwa nini wafungiwe? Sababu inaonekana kwenye ushuru wa forodha. Viwango vinavyotangazwa kwenye hotuba vinaweza kuanza kutumika usiku wa siku ile ile, kabla wabunge hawajajadili hata sentensi moja. Sheria iliyoruhusu jambo hilo ilikuwa ya mwaka 1931, enzi ya Waingereza, na mwaka 2023 India iliweka mahali pake sheria mpya yenye ruhusa ile ile. Mfanyabiashara ambaye angejua siku moja mapema angetajirika bila jasho.

Chukua dhahabu. Tarehe 23 Julai 2024 Waziri Nirmala Sitharaman alitangaza kwamba ushuru wa dhahabu unashuka kutoka asilimia 15 hadi 6. Kesho yake kiwango kipya kikaanza. Kwa nchi ambayo karibu dhahabu yake yote hutoka nje, na ambako bibi harusi huvikwa dhahabu, punguzo la pointi 9 za asilimia kwa usiku mmoja ni mtikisiko. Aliyekuwa na akiba dukani, aliyoilipia ushuru wa zamani, alipata hasara akiwa usingizini. Kwa upande mwingine faida ya magendo ilipungua sana, kwa kuwa ushuru mkubwa ndio uliokuwa ukiwalipa wasafirishaji wa dhahabu ya kufichwa. Tanzania inaguswa moja kwa moja hapa, maana dhahabu ni miongoni mwa bidhaa kubwa inazoiuzia India.

Ukuta wa miiba kwa ajili ya chumvi

Je, wajua kwamba katika karne ya 19 watawala Waingereza walipanda boma la miti ya miiba kukatiza India, ili chumvi isipite bila kulipiwa kodi? Mstari wa forodha wa ndani ulifikia zaidi ya kilomita 4,000, ukilindwa na watu wapatao 12,000, na sehemu yake ilikuwa boma hai la mikunazi, migunga na mipungate. Aliyelisimamia kwa bidii miaka ya 1860 ni Allan Octavian Hume, mtu yule yule aliyeshiriki kuanzisha chama cha Congress mwaka 1885. Mstari huo ulifutwa mwaka 1879, ingawa kodi ya chumvi yenyewe ilibaki, na ndiyo iliyomfanya Gandhi atembee hadi Dandi mwaka 1930. Leo chumvi ya kupikia hailipi GST hata rupia moja, na sidhani kuna waziri India atakayethubutu kuigusa.

Sheria iliyopunguzwa nusu

Sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 1961 ilikuwa imebandikwa viraka hadi ikafikisha vifungu 819 na maneno zaidi ya laki tano. Sheria mpya ya 2025 ina vifungu 536 na maneno karibu nusu ya yale, na tarehe yake ya kuanza kazi ni 1 Aprili 2026. Imefuta pia utaratibu uliowachanganya walipa kodi kwa vizazi, wa kutaja mwaka wa kupata pesa na mwaka mwingine wa kuzikadiria. Sasa kuna "mwaka wa kodi" mmoja tu.

Mchele uliofungiwa bandarini

India inauza takriban asilimia 40 ya mchele wote unaovuka mipaka duniani. Tarehe 20 Julai 2023 ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio wa basmati, na katazo likaanza siku hiyo hiyo. Walionusurika ni wale ambao mzigo wao ulikuwa umekwisha kuanza kupakiwa, au meli yao ilikuwa imetia nanga na hati zimewasilishwa. Baadaye nchi moja moja ziliomba mgawo maalumu kupitia serikali zao. Machi 2024 Tanzania iliruhusiwa kununua tani 30,000. Katazo liliondolewa Septemba 28, 2024.

Tangazo la Delhi, shamba la Babati

Hakuna zao linaloonyesha nguvu ya matangazo hayo kama mbaazi. India inalima, inakula na kuagiza mbaazi nyingi kuliko nchi yoyote. Dengu na mbaazi ndizo nyama ya mamilioni ya watu wasiokula nyama. Kwa upande wetu, Lindi, Mtwara, Manyara na kwingineko, mbaazi hupandwa pamoja na mahindi na kuvunwa kuanzia mwezi wa saba au wa nane. Huo ni wakati mzuri sana kwa biashara: zinafika Mumbai miezi kadhaa kabla mavuno ya India yenyewe hayajaingia sokoni.

Mwaka 2015 bei ilipanda India hadi karibu rupia 200 kwa kilo. Wakulima wa huko wakalima kwa wingi, na wa kwetu pia. Msimu uliofuata India ikavuna kupita kiasi, bei ikaanguka, na serikali ikageuka. Machi 2017 ikaweka ushuru wa asilimia 10. Tarehe 5 Agosti 2017 ikaweka ukomo: tani 200,000 tu kwa mwaka kwa waagizaji wote. Msumbiji ilikuwa imetangulia kutia saini mkataba wa mbaazi na Waziri Mkuu Narendra Modi Julai 2016, hivyo ilikuwa na mlango wake. Tanzania haikuwa na mkataba wa namna hiyo, ingawa Modi alifika Dar es Salaam siku chache tu baada ya kutoka Maputo. Tangazo lilitoka mbaazi zikiwa zimekomaa shambani. Bei iliporomoka, na mkulima aliyepanda kwa kufuata bei ya mwaka uliotangulia hakuwa na namna ya kuzirudisha ardhini.

Mei 2021 India ilifungua tena milango, na kibali kikawa kinaongezwa mwaka baada ya mwaka. Kwa Tanzania, Uganda, Malawi na Msumbiji, zinazohesabiwa kuwa nchi maskini zaidi, kuna mpango wa India wa tangu 2008 unaoziruhusu kuingiza bidhaa nyingi bila ushuru, ilmradi kuna cheti cha asili. Kenya haimo kwenye orodha hiyo.

Kibali hicho kimekuwa kikiishia tarehe 31 Machi, siku ya mwisho ya mwaka wa fedha wa India. Siku hiyo mbaazi za Babati, mkoani Manyara, huwa zimekwisha kuota. Mkulima anakuwa amekwisha kuweka mbegu, jembe na miezi mitatu ya palizi kwa soko ambalo hana hakika kama litakuwa wazi Agosti.

Januari 2025 India iliongeza kwenye sera yake ya biashara ya nje kanuni inayotaka waagizaji, wauzaji na wataalamu wapewe nafasi ya kutoa maoni kabla ya masharti kubadilishwa, isipokuwa serikali ikiona jambo ni la dharura. Mkulima wa Manyara hatajwi humo. Lakini mnunuzi wake wa Mumbai anatajwa, na ubalozi wa Tanzania uko New Delhi. Vyama vya ushirika vinavyouza mbaazi kwa stakabadhi ghalani vinaweza kupitia kwa hao wawili kuomba jambo moja mahususi: tarehe ya kibali isogezwe hadi Desemba, kabla mbegu haijaingia ardhini.