Klorini na Kloridi

Mtu wa Kilindoni, kisiwani Mafia, akiona bati la paa lake limetoboka kabla ya wakati, hasemi kwamba pametokea mmenyuko wa kemikali. Husema bati limeliwa na chumvi. Usemi huo una ukweli ndani yake, ila mfasiri wa maandishi ya sayansi hana budi kuupambanua.

Klorini ni mojawapo ya elementi ziitwazo halojeni, jina lenye asili ya Kigiriki lenye maana ya "kizaa chumvi". Wenzake ni florini, bromini na iodini, ambayo kwenye pakiti za chumvi huandikwa madini joto. Klorini iliyo peke yake ni gesi yenye sumu. Ikikutana na sodiamu, metali ambayo huweza kulipuka ikitiwa majini, kila atomu ya sodiamu huipa atomu ya klorini elektroni moja, na viwili hivyo vya kuogofya huwa chumvi ya kuungia mchuzi. Hapo jina nalo hubadilika: si klorini tena, bali kloridi. Silabi ile ya mwisho ndiyo inayotujulisha kwamba mmenyuko umekwisha kutokea.

Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 19 za kloridi. Upepo huirusha hadi mapaani, ikaharakisha kulika kwa zinki iliyopakwa juu ya bati, kisha chuma kilicho chini yake. Lakini kutu yenyewe si chumvi. Ni chuma kilichoungana na oksijeni na maji, na kloridi huwafungulia mlango tu. Kwa hiyo ni afadhali kusema "ulikaji" kwa metali zote, na "kutu" kwa chuma. Mafundi husema pia "kutu ya shaba", nami sina ugomvi nao.

Hatari iko visimani. Katika visiwa vidogo maji ya bahari huweza kupenya kwenye visima vya karibu na pwani. Ripoti ya maabara ikitaja kloridi nyingi, yaelekea kisima kimeingiliwa na bahari. Mfasiri akiandika "klorini nyingi", msomaji atadhani dawa ya kusafishia maji imezidi, naye ataipunguza. Chumvi itabaki pale pale, na vijidudu vitakuwa vimeachiwa njia.