Chuma, Kodi na Malipo ya Siku: Biashara ya Mazoezi ya Mwili Voi na Taita Taveta

Jerikeni la lita 20 likijazwa maji huwa na uzito wa kilo 20, mbali na uzito wa jerikeni lenyewe. Na katika mji wa Voi, ambako maji ya mfereji aghalabu huja kwa zamu na jua halina huruma, wako akina mama na vijana wengi waubebao uzito huo asubuhi na jioni bila kupokea ijara wala kulipa ada. Hali ikiwa ni hiyo, mtu wa zama za babu zetu angestaajabu kusikia kwamba katika mji huo huo wako watu watoao fedha mfukoni ili waruhusiwe kuinua chuma cha uzito kama huo na kukirudisha pale kilipokuwa. Lakini biashara hiyo ipo. Ina wauzaji na wanunuzi, ina rasilimali, ina faida na hasara. Na madhali bado ni changa katika nchi ya Taita Taveta, yafaa ipimwe kwa mizani ile ile tunayopimia mkonge, ng'ombe na vito, ili ajulikane ni nani anayefaidika nayo, naye mwananchi aliye na shilingi chache aamue kama azipeleke katika ukumbi wa mazoezi, ambao vijana huuita jimu, au azibakize nyumbani.

Haja ya mazoezi ya kununua haikuzuka hivi hivi. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza, uliofanywa na Wizara ya Afya na wenzake, ulionyesha kwamba ni asilimia 6.5 tu ya watu wazima wa Kenya wasiofikia kiasi cha kuutumia mwili kinachopendekezwa, yaani wengi wetu bado twalima, twatembea na twabeba. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba asilimia 27 wana uzito uliopita kiasi, na kwamba miongoni mwa wanawake kadiri hiyo yafika asilimia 38.5, ilhali karibu robo ya watu wazima wana shinikizo la damu lililo juu. Maana yake ni kwamba mkata mkonge wa Mwatate na mkulima wa Wundanyi, apandaye na kushuka miteremko ya milima ambayo kilele chake cha Vuria kimepita mita 2,200, hawana sababu ya kununua jasho, kwa kuwa kazi yenyewe huwatoa jasho la kutosha. Mteja wa jimu ni mwingine: ni karani, mwalimu, mwenye duka, dereva wa lori la masafa marefu, na kila mtu ambaye riziki yake humtaka aketi.

Na watu wa kuketi wameongezeka. Mwaka 2013, utawala wa kaunti ulipoanza, Taita Taveta ilipata maofisi, wizara ndogo ndogo na mishahara ya kila mwezi ambayo hapo kabla ilikuwa ya Mombasa na Nairobi. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilipata hati yake. Mwaka 2017 reli mpya ilifungua kituo chake Voi. Kadhalika, tangu serikali ilipoziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki ndogo mnamo 2008, bodaboda imeingia katika kila kichochoro, na mwendo wa nusu saa ambao mtu alikuwa akienda kwa miguu sasa ni mwendo wa dakika tano akiwa ameketi nyuma ya mwenziwe. Hatuilaumu bodaboda, maana imewalisha vijana wengi na kuwafikisha hospitali wagonjwa wengi. Bali twasema kwamba mazoezi tuliyokuwa tukiyapata bure barabarani yamepungua, na kinachopungua bure, mfanyabiashara hukileta kwa bei.

Huenda mtu akauliza: je, si bora akimbie alfajiri, kwani barabara haina ada? Katika miji mingine jawabu lingekuwa rahisi, lakini Voi ina mambo yake. Asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizoanzishwa mwaka 1948, na ndovu hawajui mpaka ulichorwa wapi. Wakazi wa vijiji vilivyopakana na mbuga wanajua ni hatari gani kutoka nje kabla ya kupambazuka au baada ya magharibi, na huko Sagalla wakulima wamefikia kuzungushia mashamba yao nyua za mizinga ya nyuki ili kuwazuia wanyama hao. Kukisha kupambazuka, muda si mrefu jua huwa limekwisha kuwa kali. Basi ule wasaa wa baridi, ambao mkimbiaji wa Mombasa huutumia ufukweni pasipo hofu, mtu wa pembezoni mwa Voi hana budi kuutumia ndani ya ua au ndani ya kuta nne. Na hapo ndipo nyumba na ukumbi huanza kushindana.

Tuanze na upande wa vyombo. Chuma cha mazoezi ni bidhaa ya ajabu, maana hakiozi, hakili, wala hakipitwi na wakati. Aliyekinunua leo atakirithisha. Mashine za umeme, kama zile za kukimbilia mahali pamoja, ni habari nyingine: huletwa kutoka ng'ambo kupitia bandari ya Mombasa, hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 pamoja na ushuru mwingine, hupanda lori kilomita 160 hivi hadi Voi, kisha hula umeme kila siku, na zikiharibika kipuri chake hakipatikani mjini. Kwa sababu hiyo mwenye rasilimali ndogo hufanya busara akielekea kwa mafundi wa jua kali, ambao kwa bomba la chuma, mashine ya kuchomelea na mfuko wa saruji hutengeneza benchi, vyuma vya kuning'inia na vyuma vya kuinua. Mkebe wa rangi wa lita 4 ukijazwa zege huwa na uzito unaokaribia kilo 10. Miwili ikiunganishwa kwa bomba, tayari ni chombo cha kumtoa jasho kijana mwenye nguvu. Aibu yake ni moja tu, kwamba zege huchukua nafasi takriban mara tatu ya chuma cha uzito ule ule, nayo hupasuka ikiangushwa. Lakini fedha iliyoinunua imebaki mjini, mfukoni mwa fundi.

Ama kodi, mishahara na umeme, hapo ndipo panapomlaza macho mwenye ukumbi. Tuchukue mfano wa hesabu tu, ili jambo lionekane: chumba cha shilingi 15,000 kwa mwezi, mwalimu wa shilingi 15,000, umeme, maji na leseni shilingi 5,000, jumla ni 35,000. Mteja akilipa shilingi 100 kwa siku, itahitajika wateja waingie mlangoni mara 350 katika mwezi kabla mwenyewe hajaona hata senti ya faida. Na ukumbi ukifunguliwa siku 26, ni watu 13 au 14 kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, mishahara icheleweshwe isicheleweshwe. Tatizo lake kubwa ni kwamba gharama zake huja kwa mwezi, ilhali mapato yake huja kwa siku, na baina ya mwezi na siku kuna pengo ambalo limezifunga biashara nyingi zilizoanza kwa shangwe.

Huko Marekani wenye kumbi walilitatua tatizo hilo kwa kumfunga mteja kwa ada ya mwezi. Wanauchumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walichunguza kumbi za huko na kuchapisha matokeo yao mwaka 2006: waliokuwa wakilipa zaidi ya dola 70 kwa mwezi walihudhuria wastani wa mara 4.3 tu, hivyo kila siku moja iliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali wangaliweza kununua tikiti za mara kumi kwa dola 10 kila mara. Yaani biashara ile ilistawi kwa fedha za wasiokuja. Sisi hatuwezi kuiga jambo hilo, wala hatupaswi kulitamani. Mnunuzi wetu amelelewa katika uchumi wa kadogo, hununua mafuta ya kupikia kwa kipimo na sukari kwa robo, na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 hata kulipa shilingi hamsini kwa simu si taabu. Hatatoa ya mwezi mzima kwa kitu ambacho huenda asikitumie. Mteja wa Voi asipokuja, halipi. Hilo ni gumu kwa mwenye ukumbi, lakini ni haki kwa mnunuzi, na humlazimisha muuzaji kuuza kitu chenye thamani kila siku ya Mungu.

Nyumba nayo ina hoja zake, tena zenye nguvu. Haina kodi ya ziada, haina nauli, haifungwi saa tatu usiku. Mama mwenye mtoto mchanga, mwanamke asiyependa kufanya mazoezi mbele ya wanaume, mzee anayeona haya kuanza pamoja na vijana, hao wote hupata sitara katika ua wao. Kamba ya kuruka, mkeka, na lile jerikeni tuliloanza nalo, vyatosha kwa mwanzo. Na mwenye simu huweza kumtazama mwalimu wa mbali akimwonyesha. Mwaka 2020, korona ilipofunga kumbi za mazoezi nchini, ndipo wengi walipogundua kwamba sebule ni uwanja. Hata hivyo, wale waliodhani kwamba ukumbi umekufa milele walikosea. Kampuni ya Peloton ya Marekani, iliyouza baiskeli za mazoezi za nyumbani kwa wingi mno wakati wa maradhi, ilijikuta Februari 2022 ikiwaachisha kazi watu 2,800 na kubadilisha mkuu wake, kwa sababu milango ilipofunguliwa wateja walitoka.

Kwa nini walitoka? Kwa sababu nyumba ina chombo lakini haina miadi. Nyumbani kuna mgeni wa ghafla, kuna sufuria jikoni, kuna kitanda. Na mtu akiahirisha leo hakuna amuulizaye kesho. Ukumbi mzuri hauuzi chuma. Chuma ni kisingizio cha kukutana. Kinachouzwa ni saa maalumu, ni wenzi wanaouliza ulikuwa wapi jana, na juu ya yote ni jicho la mwalimu linaloona mgongo ukipinda vibaya kabla haujaumia. Ukumbi usio na mwalimu mwenye ujuzi, hata ukijaa mashine zing'aazo, umeuza nusu ya bidhaa kwa bei ya bidhaa nzima. Na mnunuzi ana haki ya kuuliza mwalimu alisomea wapi kazi yake, kama anavyomuuliza fundi kabla ya kumkabidhi gari.

Shirika la Afya Duniani humtaka mtu mzima autumie mwili kwa kiasi cha wastani dakika 150 hata 300 kwa juma, na zaidi ya hayo afanye mazoezi ya kutia misuli nguvu siku mbili au zaidi. Ukiitazama kanuni hiyo kwa jicho la biashara, utaona kwamba imekwisha kuamua kesi yetu. Zile dakika 150 ni za nyumbani na njiani: ni kutembea badala ya kupanda bodaboda kwa safari fupi, ni kamba, ni jembe. Zile siku mbili za nguvu ndizo zinazohitaji chuma, mwalimu na wenzi, nazo ndizo za kununua. Kwa bei ya mfano wetu, mtu huyo atatumia shilingi 200 kwa juma. Na watu 40 wa namna hiyo, wakija mara mbili kila juma bila kukosa, huingia mlangoni karibu mara 350 kwa mwezi, ndiyo ile hesabu ya kulipia kodi, mwalimu na umeme. Kaunti yenye watu 340,671 kwa hesabu ya mwaka 2019 haikosi mji wa kutoa watu 40 waaminifu. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuwavuta na kuwaweka.

Basi nasaha yangu kwa mwenye kutaka kufungua ukumbi Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta ni hii. Auze tikiti za mara kumi, zinazolipwa mbele kwa nafuu kidogo, ili mwezi wa kodi umkute na fedha mkononi. Atenge saa za wanawake peke yao na azilinde. Anunue chuma kwa fundi wa hapa, na fedha itakayobaki amlipe mwalimu. Kisha aandike kila mteja aingiaye, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Naye msomaji mwenye nia ya kujiunga, kwanza ajaribu nyumbani mwezi mmoja, siku mbili kwa juma, kwa mkebe wa zege au jerikeni la maji. Akitimiza siku zake nane pasipo mtu wa kumsukuma, fedha yake na ikae mfukoni, hana deni kwa ukumbi wowote. Akishindwa, asijilaumu wala asinunue mashine ya kuweka sebuleni. Alichokosa si chombo, ni mwenzi, na mwenzi huyo anapatikana kwa malipo ya siku.